Hadithi Iliyokwama Yala: RAM, hifadhi na simu niliyoinunua kwa kusoma boksi

Simu yangu ilijaa gari moshi likiwa limefika Yala.

Tulikuwa Luanda, Vihiga, tukimzika nyanya mzaa baba. Dada yake mdogo alikuwa ameletwa na wajukuu kutoka Butere tangu alfajiri. Emsi alipomkabidhi maikrofoni alimwambia ana dakika tano, akijua vyema kama sisi sote kwamba hakuna mtu pale hemani angethubutu kumnyang'anya ikifika ya sita. Nyanya wa Butere akashika mkongojo kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mwingine, akaanza kusimulia kwa Kimarama jinsi marehemu alivyotoroka kwao kuja kuolewa. Yeye na marehemu waliamka kabla ya jogoo. Walikuwa na sanduku moja la bati na kuku aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Wakapanda gari moshi la Kisumu pale Butere, reli iliyofikishwa huko mwaka 1930, ambayo kwa wasichana wawili wasiowahi kulala nje ya kwao ilikuwa njia ya kwenda ng'ambo kabisa. Wawili, tiketi moja. Watu wakacheka. Gari moshi likaondoka, likafika Yala, na hapo mkaguzi wa tiketi akaingia behewani.

Mimi nilikuwa mbele, nimechuchumaa kwenye nyasi, simu juu. Ikatetemeka mkononi: nafasi haitoshi, kurekodi kumesimama.

Nikaanza kufuta. Mtu akifuta vitu mazishini, kwa jua lile na macho yale ya watu, hafuti kwa busara. Nilifuta video za densi nilizotumiwa na watu nisiowakumbuka, sawa, lakini pia nilifuta picha za risiti za chama chetu za miezi mitatu, jambo nililokuja kulielezea mbele ya akina mama kumi na wanane wasiopenda kuelezwa. Nilipopata nafasi, makofi yalikuwa yakipigwa na Nyanya wa Butere alikuwa akirudishwa kitini.

Nina dakika 4 na sekunde 11. Jioni nilimwendea nikiwa na kikombe chake cha chai, nikamwuliza kwa heshima zote mkaguzi yule alifanya nini.

"Si nilisema?"

"Sikusikia vizuri, Nyanya."

"Ulikuwa mbele yangu pale."

"Ndiyo, Nyanya, lakini simu…"

"Basi iulize simu."

Baba anasema walishushwa Yala wakamaliza safari kwa miguu. Shangazi anaapa kwamba mkaguzi alikuwa mtu wa ukoo akawaacha. Binamu yangu mmoja ameongeza kuku kama hongo, lakini huyo huongeza mambo. Mimi ndiye niliyekuwa na kamera, na mimi ndiye nisiyejua.

Simu hiyo nilikuwa nimeinunua Kisumu mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, katika duka ambalo sitalitaja, maana hata ningeingia la jirani ningetoka na boksi lile lile. Kijana wa dukani alikuwa na adabu na haraka. Nilimwambia mimi ni mwalimu, nataka simu isiyokwama, bajeti yangu elfu kumi na nne. Akaniwekea boksi mbele. Upande wa kulia paliandikwa 8GB, kubwa kama namba ya matatu. Chini yake, kwa maandishi ya ukubwa wa yale ya chini ya bahasha ya dawa, 4GB+4GB. Kando, 64GB. Nilisoma ile nane. Nadhani kila mtu husoma ile nane, ndiyo sababu imechapwa hivyo.

Baada ya mazishi nilimpelekea fundi wangu wa Kondele. Kibanda chake kina upana wa mlango, na humo ndani kuna yeye, hita ya kubandulia vioo, na redio. Akaifungua sehemu ya mipangilio, akasoma, akacheka kwa pua.

"Mwalimu, hapa ulinunua RAM ama ulinunua stika?"

Mama yake fundi huyu huuza mitumba soko la Kibuye, nguo za watoto, na Jumapili ya soko kubwa hata yeye hufunga kibanda akaenda kumsaidia kubeba. Kwa hiyo kila kitu cha simu hukieleza kwa Kibuye. Mwanzoni nilidhani ananidharau kidogo, lakini kadiri nilivyosoma baadaye ndivyo nilivyoona mfano wake hauvuji.

RAM, alisema, ni turubai. Mama akifika sokoni anatandika turubai chini na kupanga nguo juu yake, na mteja ananunua kile anachokiona pale. Hifadhi ni stoo iliyoko nyuma, yenye mabalo. Nguo iliyo stoo haiuziki mpaka iletwe turubaini. Turubai likiwa dogo, kila mteja anayeulizia sweta za shule atamlazimu mama kukunja suruali kwanza ili apate pa kuzitandaza, na mwenye suruali akirudi, kazi inaanza upya. Jioni turubai linakunjwa, halibaki na kitu juu yake, ilhali stoo hufungwa na vitu vyake ndani. Ndivyo ilivyo: RAM hupoteza kila kitu umeme ukikatika, hifadhi haipotezi.

Ukitaka kuona turubai dogo kwa macho yako, fungua programu ya benki kwenye simu yenye RAM haba. Itakuomba namba ya siri ya muda iliyotumwa kwa SMS. Toka uende ukaisome. Ukirudi, programu ya benki imeanza mwanzo, inakuuliza jina, na ile namba uliyokwenda kuisoma haina tena pa kuingia. Watu hulaani mtandao, na kweli zipo programu zinazojifunga zenyewe kwa usalama. Lakini mara nyingi ni Android imekunja suruali ili kutandaza sweta.

"Sasa hii plasi nne," fundi akasema akigonga kioo changu kwa bisibisi, "ni kama mama achore mstari wa chaki ndani ya stoo aseme, kuanzia leo hapa pia ni turubai."

Kwa maneno ya kawaida, simu inachukua GB 4 za hifadhi na kuzitumia kuwekea programu zilizolala, kusudi RAM halisi ipumue. Siyo uongo mtupu. Kompyuta zimefanya hivyo miaka mingi, na Android yenyewe hubana vitu ndani ya RAM ili vitoshee vingi. Lakini hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, kwa hiyo faida yake ni ndogo na huonekana zaidi kwenye boksi kuliko mkononi. Tena zile GB 4 hazikutoka mbinguni. Zilitolewa kwenye zile 64 nilizokuwa nimelipia tayari. Nilikuwa nimeuziwa mahali pamoja mara mbili. Fundi aliingia kwenye mipangilio akazima ile nyongeza, akaiwasha simu upya, na nikarudishiwa GB 4. Kwa video ya kawaida hiyo ni kama nusu saa. Kwa nusu saa ya Nyanya wa Butere, marehemu angekuwa ameshafika Luanda, ameolewa, na pengine ameshamzaa baba yangu.

Tukahesabu zile 64 zilikuwa zimekwenda wapi. Mfumo wenyewe pamoja na ile RAM ya chaki, 19. Programu, 13. Picha na video zangu mwenyewe, vitu nilivyovipiga mimi nikavitaka, 9. WhatsApp, 22.

Ishirini na mbili! Niko kwenye makundi kumi na moja: ukoo, upande wa mama, chama, walimu wa shule, wazazi wa darasa langu, kwaya, na kamati za mazishi ambazo marehemu wake walishazikwa lakini hakuna aliye na moyo wa kuzifunga. Kila moja linamwaga mahubiri, matangazo ya mchango, na video za matatu zilizopinduka. Simu ilikuwa ikijipakulia yote hayo kila nilipoingia kwenye Wi-Fi ya shule. Mahubiri mamoja nimeyakuta mara nne, kila nakala na ukungu wake. Hapakuhitajika fundi kuniambia nizime upakuaji wa yenyewe kwenye mipangilio ya hifadhi na data, wala kwamba humo humo WhatsApp hukupangia faili kubwa kuanzia juu, lakini aliniambia, na nilistahili kuambiwa.

Kwa hiyo siku ya mazishi nilianza kurekodi nikiwa na takriban GB 1. Video ya kawaida, ile ya 1080p, hula kama MB 130 kwa dakika kwa mbinu ya zamani ya ubanaji, karibu nusu yake kwa mbinu mpya ya HEVC kama simu inayo. Dakika nne na kidogo ni zaidi ya MB 500, na simu haingoji ifike sifuri ndipo ikatae. Hujiwekea akiba ya kupumulia. Hesabu ilikuwa imeshafungwa kabla emsi hajafungua mdomo.

Lakini kuna jambo la pili ambalo boksi halikuandika kabisa, hata kwa maandishi madogo, na hili ndilo ningependa mtu aniambie siku ile. Simu ilikuwa nzito tangu mwezi wa sita hivi. Ukigusa kamera, unangoja. Nilidhani ni RAM. Fundi akasema hapana, huo ni mlango wa stoo.

Hifadhi za simu zetu huja kwa aina mbili kuu. Moja inaitwa eMMC, nyingine UFS. Stoo ya eMMC ina mlango mwembamba: anayetoka na balo akikutana na anayeingia, mmoja arudi nyuma angoje. Haisomi na kuandika kwa wakati mmoja. UFS ina njia mbili, wanaotoka na wanaoingia hawagombani. Kikomo cha eMMC 5.1, ambayo bado imejaa kwenye simu za bei ya chini, ni MB 400 kwa sekunde. UFS 2.2 inakaribia 1,200. Samsung ilipotangaza UFS 4.0 mwaka 2022 ilisema inasoma hadi 4,200, ila hizo ni za simu ambazo mshahara wa mwalimu huzitazama kupitia kioo cha duka. Kinachotuhusu sisi ni kuruka kutoka ile ya kwanza kwenda ya pili. Hapo ndipo utaona kamera ikifunguka mara moja, programu zikisasishwa huku unaendelea na shughuli zako, na simu ikiamka asubuhi bila kujinyoosha.

Kujua simu ina ipi kunahitaji utafute maelezo yake kamili mtandaoni kwa jina na namba yake halisi, kabla ya kuingia dukani. Na usiamini kwamba jina moja la simu ni kitu kimoja. Poco M3 ya mwaka 2020, kwa mfano, ilikuwa na UFS 2.1 kwenye toleo la GB 64 na UFS 2.2 kwenye lile la 128. Anayelipia stoo kubwa wakati mwingine hupewa na mlango mzuri zaidi, bila yeyote kumtangazia.

Halafu kuna stoo iliyojaa. Chipu za namna hii, za flash, hazijui kuandika juu ya maandishi ya zamani. Lazima zifute kwanza, na hazifuti neno moja moja bali fungu zima. Jina lenyewe linatokana na hapo: Fujio Masuoka alipoivumbua huko Toshiba miaka ya 1980, mwenzake mmoja aliona jinsi data inavyofutika kwa mpigo akakumbuka mwako wa kamera. Kukiwa na nafasi, simu hufuta mafungu yake polepole wewe umelala. Ikijaa, kila picha mpya inalazimu vitu kuhamishwa ili fungu moja lipate kufutwa, kama stoo iliyosongwa mabalo mpaka dari ambamo kutoa moja ni kushusha kumi. Simu inakuwa kobe, na mwenyewe anasema RAM imekufa. Fundi wangu ana kanuni ya kuacha sehemu moja katika kumi ikiwa tupu siku zote. Mimi huacha zaidi, kwa woga.

Nilijaribu njia ya mkato kwanza, nisijifanye nilikuwa na hekima. Nilinunua memori kadi kwa mchuuzi, GB 512, shilingi mia saba. Sauti kichwani iliniambia rahisi ni ghali, nikaikanyaga. Kwa wiki tatu ilikuwa nzuri. Kisha picha zikaanza kufunguka nusu, juu uso wa mtoto, chini kijivu. Kadi za aina hiyo huwa na chipu ndogo ndani, na kidhibiti chake kimefundishwa kuiambia simu uongo kuhusu ukubwa. Ukiweka vitu vya kutosha ule uwezo halisi vinakaa, ukipita hapo vinaandikwa juu ya vile vya kwanza au visiandikwe popote, na simu inakuonyesha majina ya faili kama kawaida. Dawa ni kuipima siku ile ile uliyoinunua, kwa programu kama H2testw kwenye kompyuta, ambayo huijaza kadi mpaka juu kisha ikasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kilichomo. Inachukua saa nyingi. Kadi feki hushindwa bila aibu.

Kadi halali, yenye alama za kasi za A1 au A2 na U3, ni kitu kizuri cha kuwekea picha na video. Haitakuokoa na WhatsApp, ambayo mafaili yake hukaa kwenye hifadhi ya ndani. Na kabla ya kuipangia bajeti, vuta kile kijisahani cha laini uone: simu nyingine zina matundu matatu, nyingine mawili ambapo kadi inagombania nafasi na laini ya pili. Huku kwetu, ambako laini moja ni ya M-Pesa na nyingine ya bando, huo ni ugomvi ambao kadi hushindwa. Simu nyingi za bei kubwa zimeliondoa tundu lenyewe. Galaxy S za Samsung hazinalo tangu S21 ya mwaka 2021, na iPhone hazijawahi kuwa nalo.

Kuhusu kuweka vitu mawinguni, nasema machache. Google inakupa GB 15 bure, na humo mnagawana barua pepe, picha na kila kitu. Picha za bure bila kikomo ziliisha tarehe 1 Juni 2021, na tangu 2024 nakala za WhatsApp za Android nazo zinahesabiwa humo. Saa moja ya video ni karibu GB 8. Ipandishe hiyo kwa bando ya wiki ukiwa Luanda, kisha uniambie.

Basi mwezi wa Januari nikaenda kununua nyingine, na safari hii nilikuwa na karatasi.

Nilikuwa nimesoma kiasi cha kujua kwamba si wakati mzuri. Chipu za RAM duniani hutengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na tangu mwishoni mwa 2025 bei zake zimepaa kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vinazinunua kwa pupa. Desemba ya mwaka huo Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya kuwauzia watu wa kawaida kumbukumbu kwa jina la Crucial. Ule ushauri wa zamani wa ngoja, simu zitashuka bei, siutoi tena. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mtengenezaji akibanwa, rahisi kwake ni kupunguza RAM halisi na kuongeza ile ya chaki, boksi libaki na namba ile ile kubwa.

Kijana wa dukani, si yule wa kwanza, akaanza vizuri: "Hii ni 16GB, madam."

"Halisi ni ngapi?"

Akaligeuza boksi kana kwamba lilikuwa na mgongo mwingine. "Nane. Halafu nane."

"Basi ni nane."

"Ni nane, madam. Lakini ina 16."

Sikubishana. Nane halisi ni nyingi kwa kazi zangu. Nilimwomba aweke kando hiyo, yenye hifadhi ya GB 128, kisha nikamwuliza ile nyingine niliyokuwa nimeiandika kwenye karatasi, yenye RAM 6 halisi na hifadhi ya 256. Zote mbili UFS 2.2, bei zao zikipishana shilingi mia tano. Nikasimama pale kaunta kwa muda ambao ulimfanya aanze kumhudumia mtu mwingine.

Nikachukua ya sita na 256. Kijana akanisikitikia waziwazi. "Lakini ile ina RAM kubwa, madam."

Sababu zangu ni hizi, na fundi wangu hazikubali mpaka leo. RAM ikipungua, simu inaniudhi: inafunga programu, inaanza upya, nangoja sekunde tano. Hifadhi ikiisha, simu inanikatalia. Ya kwanza ni kero ya kila siku, ya pili hunipata mara moja kwa mwaka, na huo mwaka mara hiyo moja ilikuwa ni mazishi. Fundi husema nimepiga hesabu kinyume: picha unaweza kuzihamishia kwenye kompyuta ya shule kila mwisho wa muhula, lakini RAM haihamiki wala haiongezeki, na baada ya miaka mitatu programu zitakuwa zimenenepa huku turubai langu likibaki lile lile. Ana hoja. Ila yeye ni mtu wa kuhamisha picha kila mwisho wa muhula. Mimi ni mtu wa kukumbuka nikiwa nimechuchumaa kwenye nyasi.

Tunachokubaliana ni sakafu. Tusishuke chini ya RAM 4 halisi, hata kwa mzazi wa kijijini. Google ilianzisha Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu za RAM ya GB 1 au pungufu, na kufikia Android 13 hata hiyo Go ilikuwa ikidai 2. Anayenunua 2 leo ananunua simu iliyo mlangoni mwa kutoka. Mama yangu anatumia WhatsApp, M-Pesa na redio. Nilimnunulia 4 na 128, na 128 hiyo ni kwa ajili ya kwaya yake, si kwa ajili yake. Mpwa wangu wa Nakuru, anayehariri video na kucheza gemu, anahitaji 8 na 256 na atakuambia anahitaji 12. Kinachoniuma ni mwenzangu shuleni aliyechukua simu ya RAM 3 na hifadhi 32 kwa malipo ya polepole: elfu mbili mia tano mwanzo, kisha shilingi hamsini kila siku kwa mwaka mzima. Piga hesabu, ni zaidi ya elfu ishirini. Ilijaa mwezi wa nne. Amebakisha miezi minane ya kulipia kitu kinachomwambia kila asubuhi afute.

Kabla ya kulipa nilimfanya kijana aifungue na kuiwasha pale pale. Nikaingia sehemu ya maelezo ya simu, nikaona 6.00 GB + 6.00 GB, nikaisoma ile ya kushoto. Hifadhi, 256. Nikabonyeza *#06# nikalinganisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ile ya boksi, tarakimu moja moja kwa kidole, foleni nyuma yangu ikikohoa. Nikalipa elfu kumi na nane na mia tano. Kwenye matatu ya kwenda nyumbani, kabla hatujapita Kisian, nilikuwa nimeshaizima ile sita ya kulia.

Faili ya kwanza kuihamishia simu mpya ilikuwa ile ya dakika 4 na sekunde 11. MB 544. Ukoo ukaitaka. Ukituma video kwa njia ya kawaida WhatsApp huibana mpaka uso wa mtu mzima unakuwa unga, kwa hiyo niliituma kama hati, njia ambayo huiacha ilivyo na inapokea faili hadi GB 2. Nikakaa nikitazama zile alama za kupokelewa zikiongezeka. Wa kwanza kujibu alikuwa binamu yangu wa Mombasa, ambaye hakuweza kufika mazishini.

"Imekataa kuingia," aliandika. "Inasema nafasi haitoshi. Hebu niambie tu, mkaguzi alifanya nini?"